Siku Tukummeq Alipomwita Baba Yake kwa Jina

Baba yake Tukummeq alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mrefu, mcheshi, mwenye mbwa kumi na mmoja. Tukummeq mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minane. Pale Kangaarsuk, kijijini kwetu kwenye barafu ya kaskazini, hapakuwa na mtu aliyeliona hilo ajabu.

Mambo yalikuwa hivi. Baba mzazi wa Tukummeq, aliyeitwa Imiina, alitoka na sleji yake ya kukokotwa na mbwa Januari moja ya giza kwenda kutazama nyavu za kunasia sili, wale wanyama wanono wa baharini, asirudi. Hakurudi yeye, hawakurudi mbwa, hakikurudi hata kipande cha ubao. Tukummeq alikuwa na miaka saba, na mdogo wake Bibiane alikuwa bado anabebwa mgongoni. Jina la marehemu likakaa miaka ishirini bila mtu wa kulibeba, maana watu walilihofia jina ambalo bahari ilikwisha kulionja, mpaka Bibiane naye alipojifungua binti. Mama yao, ajuza tayari, akamtazama mtoto machoni akasema, "Huyu karudi," na mjadala ukafungwa. Kwetu ukipewa jina la marehemu unapewa na watoto wake, mjane wake, rafiki zake na heshima yake yote. Tangu siku ile Tukummeq alimwita mtoto wa mdogo wake Baba, na mtoto alipojua kusema akamwita Tukummeq mwanangu. Ajuza naye alikufa akimwita mjukuu wake mume wangu, na kumsuta kwa makosa aliyoyafanya kabla ya kuzaliwa.

Baba haitwi kwa jina, wala haamrishwi. Imiina huyu wa pili alipokuwa na miaka minne alichukua kisu cha Tukummeq cha kukatia ngozi, kile chenye umbo la mwezi mchanga, akakatakata buti la ngozi ya sili lililokuwa limemalizwa jana yake. Mwenye buti alitaka kulia. Tukummeq alisema tu, "Baba kaamua," akaanza kushona upya. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tabu ya nyumba ile ilikuwa kujua mkuu ni nani.

Tukummeq alishika ufunguo wa nyumba ya kufulia, ambako kijiji kizima cha watu arobaini huenda kuoga na kufua, na saa nyingine zote alishona: mabuti, glavu, suruali za ngozi ya dubu. Hakuwa mtu wa maneno. Jirani yake Masauna, mwindaji mstaafu ambaye ulimi wake ulikataa kustaafu naye, alipenda kusema kwamba maneno yote ya Tukummeq tangu azaliwe yangeenea ndani ya glavu moja, na nafasi ya kidole gumba ingebaki. Watu walicheka, na Tukummeq alicheka nao. Hakuna aliyejua kwamba ukimya ule ulikuwa na mzizi.

Mzizi wake ulikuwa asubuhi ile ya miaka saba. Alikuwa ametumwa kumwaga ndoo ya maji machafu, na huko nje, chini ya mwezi, aliona moshi wa kijivu umesimama juu ya bahari kwenye ncha ya rasi. Alijua ni nini, kwa sababu baba yake ndiye aliyemfundisha: palipo na moshi barafuni, barafu imefunguka, maji yanapumua. Alitaka kusema. Lakini baba alikuwa anakaza kamba za sleji huku akicheka na wanaume wenzake, na mtoto wa miaka saba ni nani hata amfundishe baba yake barafu? Alisimama na ndoo yake mkononi. Baba akampapasa kichwa kwa glavu, akawapigia mbwa mluzi, akaenda. Tukummeq hakumwambia mtu. Hakumwambia mama yake, wala mumewe alipoolewa, wala mchungaji alipomuuliza siku ya kipaimara kama kuna jambo linamlemea moyoni.

Sasa ilikuwa Januari nyingine. Jua lilikuwa limetuaga mwishoni mwa Oktoba, na lingerudi katikati ya Februari kama halitachelewa, na waliozaliwa hapa hawalisemi vibaya maana lina safari zake. Ila giza hilo si mchezo. Mwezi wa kwanza wa giza watu hutembeleana na kunywa kahawa. Wa pili hulala mno. Wa tatu huanza kugombana. Mwaka ule ndugu wawili walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya zamu ya mashine ya kufulia, na Tukummeq alilazimika kuwapangia siku tofauti wasikutane. Juu ya hayo, tufani ilikuwa imevuma siku kumi na nne mfululizo. Nyama ya kulishia mbwa ilikuwa imekwisha. Mbwa wa Imiina walikuwa wametafuna hadi mikanda yao, na usiku mmoja walimrukia dume dhaifu wakamuumiza sikio.

Siku ya kumi na tano upepo ukakata, na mwezi ukajitokeza, mpevu, ule mwezi wetu wa majira ya giza ambao hauzami, unazunguka tu angani siku kadhaa. Saa mbili asubuhi Imiina alikuwa nje anawafunga mbwa. Nyavu zake zilikuwa ng'ambo ya rasi, mwendo wa saa tatu, chini ya barafu tangu kabla ya tufani.

Tukummeq alitoka kumsaidia. Alishika kamba, akafungua mafundo yaliyoganda kwa meno kama alivyozoea, na wakati huohuo shavu lake la kushoto likamwambia kitu. Hewa ilikuwa na unyevu. Baridi ya kweli ni kavu, inakuchoma. Hii ilikuwa inalamba. Akatazama juu akaona mwezi umejifunga duara hafifu. Akawatazama mbwa: mbwa wenye njaa wakiona sleji hupiga kelele hadi usisikie sauti yako, lakini hawa walikuwa wamegeuza pua kusini, wametulia. Zote zilikuwa dalili za kusi, upepo wa kusini unaovunja barafu.

Imiina naye aliona kitu, au aliona uso wa Tukummeq, kwa sababu aliacha kufunga, akauliza.

"Mwanangu, waonaje?"

Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Usiende. Lilikuwa neno moja tu, na mtu alikuwa amemuuliza mwenyewe. Tukummeq alifungua mdomo, akahisi ndoo ya miaka hamsini na mmoja iliyopita inamning'inia mkononi.

"Wewe ndo unajua, Baba," akasema. "Chupa ya chai umechukua?"

Imiina akacheka, akapigapiga begi. Tochi ya kichwani, redio ya mkononi, chai, bunduki, vyote vilikuwepo. Akampapasa Tukummeq kichwani kwa glavu, kwa mzaha, kama alivyofanya tangu alipoanza kuwa mrefu kumzidi, akapiga mluzi. Mbwa wakaondoka kwa mpigo mmoja, na sauti ya sleji ikafifia kuelekea rasini.

Majuto ni mjukuu, lakini siku ile hayakungoja kuwa mjukuu. Yalizaliwa kabla sleji haijapotea machoni. Tukummeq alienda kufungua nyumba ya kufulia, akawasha boila, akamkabidhi mtu taulo lisilo lake. Kila dakika tano alitoka nje kuonja hewa. Saa nne upepo wa kusini ulianza, kwanza kwa kupepesa theluji chini miguuni, kisha ukapanda hadi kiunoni. Saa tano mawingu yaliufunika mwezi. Tukummeq akafunga mlango wa kufulia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya saa yake, akaenda nyumbani. Nyumba yake ndiyo ya juu kabisa kijijini, na dirishani ilining'inia bado nyota ya karatasi ya Krismasi yenye taa ndani, wakati wenzake wote walikuwa wameshaondoa zao wiki tatu zilizopita.

Masauna alikuwa amekwisha kuingia jikoni, hajabisha hodi, ameketi mbele ya redio ya ukutani. Hakusema lolote kuhusu nyota, ingawa kwa wiki nzima alikuwa amemwita Tukummeq mke wa Mfalme Herode, kwa kuwa bado anaiulizia ile nyota. Hapo ndipo Tukummeq alipojua kwamba mambo si mazuri.

"Nimesikia ikilia," Masauna alisema. Alimaanisha barafu. "Upande wa nje. Imekatika kipande kikubwa, kinakwenda na upepo."

Helikopta ilikuwa mji mkubwa, na kwa upepo ule isingeinuka hata kama ingeombwa na malaika. Vijana watatu wenye mbwa wazuri walikuwa wamekuja hadi barazani, wakatazama kusini, wakatikisa vichwa. Kumfuata mtu gizani kwenye barafu inayokatika ni kuongeza idadi ya wanaotafutwa.

Redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Imiina, mbali, yenye furaha ya mtu ambaye bado hajajua.

"Mnanisikia? Sili wanne, wanono. Mbwa washakula mmoja."

Masauna akachukua kisemeo. Yeye alikuwa kijana wa kuwinda pamoja na Imiina wa kwanza, akimwita kaka mkubwa, kwa hiyo na huyu wa pili, ingawa yeye Masauna ndiye aliyemzidi kwa miaka arobaini na tano, alimwita vivyo hivyo. "Kaka, huku kusi limechachamaa. Barafu ya nje imekatika. Funga mzigo."

 Kisha sauti ikaja bila furaha. "Huku theluji inaniziba macho. Nirudi kwa njia niliyojia, chini ya rasi? Au nipande juu?"

Njia zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa juu ya bahari, imebana chini ya majabali ya rasi, tambarare, mbwa wakiijua kwa pua. Nyingine ilipanda mto wa barafu, ile barafu nene ya mlimani, nyuma ya rasi na kushuka nyuma ya kijiji; mwinuko wa kuvunja mapafu, nyufa zilizofunikwa na theluji, mteremko ambao mchana wa Aprili wenye jua watu huushuka wakimtaja Mungu. Masauna aliwahi kuupita gizani mara moja katika maisha yake, akaapa kutorudia.

Masauna alikaa na kisemeo mdomoni. Tukummeq alimwona anavyopima. "Barafu ya chini ya rasi ilikuwa nene," alisema hatimaye, polepole. "Kabla ya tufani nilipima mkono mzima. Lakini kaka, wewe ndo uko huko. Wewe ndo unaona."

Hivyo ndivyo mwindaji anavyomjibu mwindaji kwetu. Humwambii mtu mzima pa kukanyaga. Anayejua ni yule mwenye miguu yake pale. Ni adabu nzuri, nasi tumeishi nayo muda mrefu. Lakini siku ile Tukummeq aliisikia ikitoka kinywani mwa Masauna akaichukia kama mtu anavyoichukia sura yake kwenye kioo asubuhi ya msiba. Ni neno lile lile alilolisema yeye.

"Basi nitapita rasini," redio ikasema. "Betri inaganda. Naizima hadi nikikaribia. Nawapa mbwa dakika kumi wapumzike, kisha natoka."

Dakika kumi. Ilikuwa saa sita na robo mchana. Adhuhuri za mwisho wa Januari, kwa muda usiotimia saa moja, anga ya kusini hupauka kidogo, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye taa kisha akaufunga. Tukummeq alivaa koti bila kufunga vifungo, akatoka, akapanda nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba yake kuna makaburi, na juu ya makaburi kuna mwamba ambao kutoka hapo unaiona ncha ya rasi. Hakuwa amekwenda pale majira ya giza tangu utotoni. Kila mtu ana mahali anapopakwepa. Upepo ulimwangusha mara mbili. Mara ya pili aliangukia msalaba wa mbao akaumia ubavu, akaendelea kwa magoti. Alipofika juu alijishikilia kwenye mwamba, akafuta kope zilizoganda, akatazama kusini.

Mwanga ulikuwepo, ukanda mwembamba chini ya mawingu. Na mbele ya ukanda ule, kwenye ncha ya rasi, ulisimama moshi. Wa kijivu, mzito, umeinama kwa upepo. Ulikuwa mahali pale pale.

Hakulia wala hakuomba. Alihesabu. Kupanda kulimchukua dakika nne au tano. Akakaa chini akateleza kwa makalio katikati ya makaburi, jambo ambalo hata watoto hukatazwa, akaingia jikoni na theluji yake yote, akampokonya Masauna kisemeo. Mzee alishtuka kama aliyenyang'anywa bakuli la mchuzi.

"Baba," Tukummeq akaita. "Baba, nijibu."

Redio ilikoroma tu. Akaita tena, mara tatu, nne. Huenda alikuwa ameizima. Huenda alikuwa ameshawasimamisha mbwa. Na hata akisikia, atasikia nini? Binti anayemwomba baba yake. Akina baba huombwa na mabinti zao kila siku, hucheka, huwapapasa vichwa, huenda.  Akapiga moyo konde.

"Imiina," akasema.

 Masauna aliweka kikombe chini. Redio ile inasikika katika kila jiko la Kangaarsuk, na katika kila jiko mtu aliacha alichokuwa anafanya, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikia jina lile likitoka katika kinywa kile.

"Imiina, mimi Tukummeq. Usipite rasini. Rasi imefunguka, nimeona moshi kwa macho yangu. Geuza mbwa, panda juu. Unanisikia? Mimi ni mama yako mkubwa, nimekubeba mgongoni, nakuamuru. Panda juu!"

Aliachia kitufe. Koroma. Akarudia yote, kwa sauti ileile, akarudia tena, mpaka Masauna alipomshika kifundo cha mkono, akauondoa mkono wake taratibu kwenye kisemeo.

"Inatosha," mzee alisema. "Kama kasikia, kasikia."

Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote, ya kukaa. Vijana wale watatu walichukua taa na kamba, wakaenda kungoja chini ya mteremko wa mto wa barafu. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakavua mabuti mlangoni, wakakaa ukutani. Hata wale ndugu wawili wa zamu ya kufulia walikuja, wakajikuta wamekaa bega kwa bega, na hakuna aliyehama. Mtu alileta nyama ya sili iliyochemshwa. Haikuguswa. Kusini mlango ule wa mwanga ulifungwa, na saa nane mchana nje palikuwa peusi kama ndani ya buti.

Bibiane alipiga simu kutoka mji mkubwa, ambako alifanya kazi jikoni hospitali. Habari zilikuwa zimemfikia, zilikuwa na miguu kumi. Hakuuliza habari za upepo wala za barafu.

"Dada, ni kweli umemwita jina?"

"Kweli."

"Na umempeleka juu?"

"Nimempeleka."

Bibiane akavuta pumzi. Tukummeq alingoja alaumiwe, na angeshukuru kulaumiwa. Lakini mdogo wake alisema tu kwamba hatakata simu, na wakakaa hivyo, kila mmoja akisikiliza mwenzake anapumua, mpaka laini ilipokatika yenyewe.

Katika saa zile Tukummeq alifikiri jambo moja tu, akaligeuza na kuligeuza. Imiina wa kwanza aliuawa na ukimya wake. Huyu wa pili, akitumbukia katika ufa kule juu, atakuwa ameuawa na maneno yake. Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, la aibu, ambalo asingelisema mbele za watu. Alijaribu kulitamka neno Baba kimoyomoyo, likakataa. Alikuwa amelivua kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kijiji kizima, na hata kama yule mwanamke angerudi mzima, angerudi kama mpwa tu, mtoto wa Bibiane. Tukummeq angekuwa yatima mara ya pili katika umri ambao mtu anaona haya kuwa yatima.

Saa kumi jioni upepo ulipungua. Saa kumi na moja Masauna alisinzia ameketi, akaamka akajifanya hakusinzia. Saa kumi na mbili kasoro, mbwa wa kijiji walianza.

Alianza mmoja, kwenye nyumba za chini, kisha wote, mbwa mia na ushei wakilia kwa pamoja. Kila mtu jikoni alijua mbwa hulia wakisikia mbwa wenzao. Swali lilikuwa wameelekea wapi. Tukummeq alifika mlangoni wa kwanza. Pale nje, dume zee la mbwa, la Tukummeq mwenyewe, lililobaki kulinda nyumba, lilikuwa limesimama kwenye mnyororo, shingo imenyooka, pua imeelekezwa nyuma, mlimani.

Taa zilionekana zikishuka: tatu za vijana, na katikati yake moja ya njano, dhaifu, inayoyumba. Walikuja kwa miguu. Imiina alikuwa amewafungia mbwa nyuma ya sleji ili waizuie isimkimbilie, akashuka ule mteremko wote kwa matako na visigino. Mbwa walikuwa tisa. Wawili walikwenda na ufa mmoja kule juu, na kamba akaikata mwenyewe. Mashavu yake yalikuwa na mabaka meupe ya baridi, na kidole kimoja hakikuwa na hisia. Alipoingia, watu walimpisha, wakaanza kutafuta mabuti yao. Wamemwona, imetosha, waondoke wamwache ale. Masauna alikuwa wa mwisho. Alimgusa begani.

"Kaka," alisema, "rasi ilikuwa wazi. Mimi nilisema nene." Sauti yake ilipasuka kidogo. "Mimi na mkono wangu wa kupimia."

"Mkono wako umezeeka, mdogo wangu," Imiina akajibu. "Nenda kalale."

Wakabaki wawili. Tukummeq alimvua mabuti, akamkandamiza miguu tumboni mwake chini ya sweta, kama tunavyofanya, na ule ubaridi ulimwingia hadi kwenye mgongo. Imiina alikata nyama kwa mkono mzima, akala kwa pupa, akaeleza huku anatafuna. Mbwa walikuwa wameshasimama, wameshageuzwa rasini. Alikuwa ameiwasha redio mara moja tu, aipime kama betri bado ina uhai kabla ya kuiingiza kifuani, ikasema maneno mawili, ikafa. Imiina. Usipite.

"Nikajiuliza ni nani huyo," alisema. "Sauti yako naijua, lakini wewe hujawahi kuniita. Nikafikiri, mtu huyu akiniita jina, basi nyumba inaungua." Akafuta mdomo. "Kule juu sikuona kitu, hata mbwa wangu sikuwaona. Mwisho kabisa nikaona kinyota chako cha aibu. Nikashuka nacho."

Tukummeq hakucheka. Aliikazia macho ile miguu, kwa sababu uso asingeweza kuutazama.

"Siku ile pia niliuona," alisema. "Moshi. Pale pale. Nilikuwa na ndoo. Nilikuwa najua ni nini, na sikusema." Maneno yalikuwa yanatoka moja moja, kama mtu anayetoa mifupa ya samaki mdomoni. "Leo asubuhi uliponiuliza, nilijua pia. Sikusema tena. Miaka yote hii sijamwambia mtu."

Imiina aliacha kutafuna. Hakuuliza siku ipi. Kisu alikiweka juu ya kibao, taratibu. Tukummeq alingoja kusikia sauti ya mpwa wake, mtoto wa Bibiane, ikimwambia pole mama mkubwa, yamepita.

"Mwanangu," Imiina alisema. "Ulikuwa na miaka saba. Moshi ulikuwa mbele yangu, si mbele yako peke yako. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka na wenzangu nisitazame. Ile ndoo iweke chini sasa."

Tukummeq aliinamia ile miguu akalia, kwa sauti, bila adabu, kama mtoto aliyepotea thelujini na kupatikana. Glavu haikuwepo; mkono mtupu, wenye kidole kimoja kilichokufa ganzi, ulimpapasa kichwa.

"Lakini kunifokea mbele ya kijiji kizima," Imiina aliongeza baada ya kitambo, "hilo tutaliongea."

Tukummeq alijifuta uso kwa kiwiko. Akavuta pumzi, akalijaribu lile neno.

"Kunywa chai, Baba," alisema. "Inapoa."